Maisha ya Mama Wilhelmina Februarie na Chatne Mbili za Meza Yake

Mchungaji, majirani wa Zoar na jamaa mliotoka pwani, familia imeomba maisha ya mama yetu yasomwe kama yalivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Marehemu Wilhelmina Februarie alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Mosselbaai, binti wa tatu wa mwashi Adonis Jaftha na mkewe Sara, akasoma shule ya kanisa hapohapo hadi mwaka 1960, akafanya kazi katika kiwanda cha samaki, na mwaka 1968 akaja Ladismith kupika katika nyumba ya wageni, ambako chatne yake ya pichi, kali kwa pilipili kama wapendavyo watu wa pwani, iliwafanya wageni waombe nyama mara ya pili.

Tarehe 9 Desemba 1972 alifunga ndoa katika kanisa hili na seremala Gert Februarie wa hapa Zoar, aliyefiwa na mkewe Hester mwaka uliotangulia, akaachiwa binti wa miaka sita, Lenie, na rafu nzima ya chatne ya aprikoti, na chatne ya Zoar, mnavyoijua, haiozi, kadiri inavyokaa ndivyo inavyokolea. Hester alikuwa amezikwa, lakini mezani alikuwa bado anapakuliwa. Kila Jumapili marehemu aliweka chupa yake ya pichi kando ya nyama ya kondoo, na kila Jumapili baba na mtoto waliiruka wakaifikia ile nyingine, hadi siku moja akauliza mbele ya wageni, "Gert, umenioa mimi au umeoa chupa?" na mzee, ambaye hakujaliwa majibu, akasema, "Mina, hii inaendana na nyama tu."

Wivu ule haukuwa mdogo, na hatutaufunika kwa maua. Baba akienda kazini, marehemu alizifungua chupa za mwenzake akazionja kijiko kwa kijiko, ajue anashindwa na nini, akatambua lozi za kutwanga, giligilani, na kitunguu kilichochomwa makaani kabla ya kutiwa siki, asimwambie mtu. Chupa ya mwisho ilipokwisha, mwaka 1975, aliisugua, akaianika juani, akapumua. Wakati huo Abraham alikuwa ameshazaliwa, mwaka 1974, na Pieter akafuata mwaka 1977, nao wakakua wakijua pichi tu.

Mwaka 1988 Lenie alipokaribia kuolewa, alilia kwamba harusi yake itakosa chatne ya mama yake, na shangazi zake wakajaa jikoni, huyu akisema zabibu, yule akisema ndimu, Lenie akawa anaonja na kutikisa kichwa. Marehemu angeweza kunyamaza, na ushindi ukabaki wake. Lakini alisimama akasema, "Tokeni, mnampikia mtoto uji. Lenie, washa makaa." Lenie alipoonja, aliuliza, "Mama, umejuaje?" akajibiwa, "Mwanangu, adui ukimlamba miaka mitatu, utamjua."

Siku ya harusi mzee alionja, akautazama mlango kana kwamba kuna mtu ataingia, na marehemu akamwinamia akamwambia, "Usiangalie huko, Gert. Aliyepika ni mimi." Tangu hapo kila kiangazi alipika zote mbili, na ya aprikoti ikisifiwa zaidi alinuna hadi Jumatatu.

Mzee alifariki mwaka 2009, akazikwa ubavuni mwa Hester. Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2016, akatunzwa nyumbani na Lenie, na akafariki hospitalini Ladismith Jumanne, tarehe 5 Juni 2018, akiwa na miaka 72, ameacha watoto watatu, na Lenie ni wa kwanza kati yao, hivyo ndivyo alivyotaka isomwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta kuni na masufuria, na kina mama wa jiko la kanisa mliofanya naye kazi na kuvumilia ulimi wake.

Mama Mina, uliagiza usilazwe miguuni pa mtu, nasi tumetii. Hester yuko kushoto, wewe utalala kulia, mzee yuko katikati, mgawane. Pumzika kwa amani.