Karani Aliyepishana na Mauti

Ndugu waombolezaji, ninayesoma ni Kemilembe, dada mdogo wa marehemu. Kaka zangu wamenikabidhi karatasi hii kwa sababu jana kila aliyejaribu kuisoma alicheka kabla ya kufika mwisho, na Mchungaji hakupendezwa.

Marehemu Nathanael Rugaibula alizaliwa hapa Ijuganyondo mwaka 1905, mtoto wa kwanza wa mzee Rutashobya. Siku na mwezi havijulikani. Mama alikumbuka tu kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, na Bukoba hilo halimsaidii mtu. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1914.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Huko alipata ugonjwa wa kuamini kila kitu kilichopigwa chapa. Alisema hakuna mtu mwenye akili anayeweza kupoteza wino kwa ajili ya uongo. Nilimwambia mara nyingi kwamba wapo.

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa, Bukoba mjini, na alifanya kazi hiyo kwa uaminifu miaka thelathini. Alikosea siku moja tu. Msichana aitwaye Kokwijuka alifika na baba yake kutoka upande wa Rubya wakileta kahawa, na marehemu akaandika jina la msichana mahali pa uzito. Baba alichungulia daftari akauliza kwa heshima, "Waitu karani, kwani binti yangu ana ratili ngapi?" Walifunga ndoa tarehe 15 Agosti 1931, wakajaliwa watoto wawili, Mushumbusi na Kokushubila, na Kokwijuka akawa akimwita mumewe kwa jina la baba, Tata Mushumbusi.

Sasa nafika pale kaka zangu waliposhindwa. Mwaka 1948 marehemu aliona tangazo gazetini, akaanza kuletewa kwa posta masomo ya siri za roho kutoka ng'ambo, kwa Kiingereza. Somo la saba lilifundisha kuwaita wafu kwa glasi iliyopinduliwa juu ya herufi. Alimwita baba yetu, na glasi ikatembea kutoka herufi hadi herufi. Kokwijuka alitazama, akasema, "Tata Mushumbusi, mzee alikufa hajui hata a. Huko kafundishwa na nani?" Marehemu alijibu kwamba bila shaka somo la nane lingeeleza.

Somo la kumi na mbili lilifundisha mtu kupiga hesabu ya siku yake ya kufa. Ilitakiwa tarehe ya kuzaliwa. Kwa kuwa hakuwa nayo, aliweka ya ubatizo. Jibu likatoka: Ijumaa, tarehe 14 Machi 1952, saa kumi.

Alitangaza kwa ukoo mzima. Fundi Mutembei alichonga jeneza. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilitengenezwa, ndizi zikamenywa, wajomba wakaja toka Muleba. Mchungaji alifika kumkemea, lakini kitabu cha mazishi alikuwa nacho mfukoni, asije akalazimika kurudi. Marehemu alioga, akavaa suti, akajilaza kitandani. Saa kumi jioni ilipofika sote tulimkazia macho. Saa kumi na nusu mjomba mmoja alikohoa, akaomba radhi. Saa kumi na moja harufu ya ndizi iliingia chumbani, na marehemu akainua kichwa akauliza, "Zimeiva?"

Aliona aibu sana, hata alikula sahani moja tu. Aliyemnusuru ni Bwana Zahoro, kinyozi wa Bilele kule mjini, aliyekuwa amekuja kuzika. Alisema, "Karani, hayo masomo si ya Wazungu? Saa kumi yao ya asubuhi ni saa nne yetu. Saa nne leo ulikuwa kwenye kiti changu, nakunyoa."

Ni kweli. Alikwenda kunyolewa ili azikwe nadhifu. Karani aliyekuwa akizijua saa zote mbili kazini, nyumbani alihesabu saa ya Waswahili. Alitueleza kwa furaha kubwa kwamba mauti yalikuja Ijuganyondo kwa wakati, yakakuta kitanda kitupu, yakarudi. "Jina langu limeshapigwa mstari katika daftari la mauti," alisema. Jeneza likawa sanduku la maharage. Ndilo hili mbele yenu, na Kokwijuka ameliosha mara tatu.

Hapo tulicheka, na tulikosea kucheka. Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 1957 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia. Kila tulipomsihi aende hospitali alijibu kwamba aliyepigwa mstari hafi. Nilimkasirikia, na bado nimemkasirikia. Miezi mitatu Kokwijuka alimbembeleza akiona mume anamalizika mbele ya macho yake. Mwishowe alimwambia, "Basi nisindikize Rubya nikamsalimie mama." Marehemu hakuwahi kukataa kumsalimu mama mkwe. Lori lilipowashusha mlangoni mwa hospitali ya huko Rubya alimtazama mkewe, akacheka hadi akakaa chini.

Wauguzi walimtunza vizuri kwa majuma sita, lakini moyo ulikuwa umechoka. Jumanne, tarehe 3 Septemba, mchana, nilikuwepo. Alimshika mkewe mkono akasema, "Kokwijuka, naogopa." Miaka tisa alikuwa akitufundisha habari za kufa, na neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilidhani atajibiwa kwa Neno la Mungu au kwa mzaha. Kokwijuka alivua viatu, akapanda kitandani, akalala ubavuni mwake mbele ya wauguzi na sisi sote. "Hata mimi naogopa, waitu. Sogea kidogo." Akasogea. Baada ya muda mfupi alifariki.

Marehemu ameacha mjane, Kokwijuka, mwana, Mushumbusi, binti, Kokushubila, wajukuu watano, kaka zangu, na mimi dada yake, ambaye sasa sina wa kubishana naye.

Mjane ameniagiza niseme jambo moja kwa wale waliokuwa wakisoma pamoja naye masomo yale ya posta. Asiitwe na mtu. Aliyokuwa nayo ya kusema alimwambia yeye, na yametosha. Mwacheni kaka yangu apumzike.