Delfina Arredondo Kucera, Aliyetaka Kila Mtoto Ajulikane Alipo

Dada yetu Delfina, ambaye leo tumemleta hapa Minatare alale kando ya baba na mama yake, alizaliwa tarehe 14 Desemba 1946 huko Carrizo Springs, Texas, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Anselmo Arredondo na Mama Petra Quiroga. Alizaliwa alfajiri, mvua ikinyesha. Baba yake alikuwa amekwenda kuazima tairi, na aliporudi nalo akakuta ana binti. Alisema siku hiyo alipata vitu viwili alivyokuwa akivihitaji. Mama Petra alimkumbusha maneno hayo mpaka mzee anaingia kaburini.

Familia ilikuwa ya watu wa viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari. Kila Aprili walipanda lori la Mzee Anselmo kuja huku Nebraska kupalilia, wakakaa hadi mavuno ya Oktoba, Novemba wakarudi Texas. Miaka mingine walipitia Colorado kung'oa vitunguu, na mwaka mmoja walipotea njia wakajikuta Kansas, lakini hayo tuyaache. Lori lilibeba familia tatu na watoto kumi na wanane. Delfina alikuwa na miaka sita alipojipa kazi ya kuwachunga wenzake wasiachwe njiani. Siku moja waliposimama kutia mafuta karibu na mji wa Lamar, alikataa kupanda.

“Baba, Chuy hayupo.”

“Yupo huko nyuma amelala. Panda, jua linatuacha.”

“Nimeangalia chini ya blanketi miguu yote. Miguu ya Chuy haimo.”

Mzee Anselmo alinung'unika, akazima injini, na binamu yao Chuy akapatikana. Chuy yuko nasi hapa leo, na ameomba isisemwe alikutwa wapi.

Shule alianza mwaka 1953, kama mtu anaweza kusema ni shule moja. Hadi anafika miaka kumi na mbili alikuwa amesoma katika shule tisa. Lori lilikwenda na watoto, karatasi zao zilibaki. Kila walipofika pahali karani aliuliza, “Alikuwa darasa gani?” Mama Petra akisema la nne, karani aliandika la tatu, kwa sababu mama mwenye udongo kwenye viatu haaminiki kama karatasi. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, karani aliandika tarehe moja Januari ili afunge kitabu chake aende nyumbani. Eti wazazi wataleta tarehe ya kweli baadaye. Baadaye ikifika, wazazi wako kwenye shamba lingine.

Kaka yake Eleuterio, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alisoma darasa la tatu mara nne. Amezaliwa Julai, lakini katika shule tano alizaliwa tarehe moja Januari. Alipofika miaka kumi na minne na magoti yake hayaingii tena chini ya dawati, aliacha. Delfina alilia siku hiyo kuliko yeye mwenyewe. Delfina aliokolewa na mwalimu mmoja, Bi. Thorvald, aliyeandika barua kwa mkono kwenda shule iliyofuata na kungoja ijibiwe. Akamaliza sekondari mwaka 1965, na chuo cha ualimu huko Chadron mwaka 1970, wa kwanza katika ukoo wote.

Alifundisha darasa la nne huku bondeni kwa miaka kumi na saba. Huko ndiko alikofunga ndoa na Wendell Kucera, fundi na dereva wa mabasi ya shule, mtoto wa Wacheki wa mji wa Wilber, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Wendell hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimwambia, “Mwalimu, basi langu linapita kwako kila siku asubuhi na jioni. Naona sasa nipaki tu.”

Delfina akamjibu, “Lipaki vizuri basi, usizibe njia ya watu.”

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Juni 1974. Mama mkwe alileta mikate ya jamu masanduku manane, Mama Petra akapika maharage na nyama ya kuchoma, na watu ambao hawakuelewana hata neno moja walicheza hadi viatu vikawashinda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ludmila na Tomás. Waliishi pamoja miaka thelathini na saba, Wendell akimtania kila siku. “Unajua walipo watoto wa jimbo zima,” alikuwa akisema, “lakini mimi nikichelewa dukani dakika kumi, unataka kuita polisi.”

Mwaka 1987 walihamia Lincoln, na mwaka 1998 Delfina akapewa kazi ambayo ndiyo iliyochukua maisha yake. Ilikuwa kazi ya kuunganisha kumbukumbu za wanafunzi wa jimbo zima. Kila mtoto apewe namba moja itakayomfuata kutoka shule ya kwanza hadi chuo, na akifika shule mpya Jumatatu, mwalimu aone Jumatatu hiyo hiyo amesoma nini, amechanjwa nini, na amekaa wapi. Ukiisikia hivi ni jambo jepesi. Lakini wilaya za shule zilikuwa mamia, kila moja na vitabu vyake, nyingine kwenye makabati, nyingine kwenye kompyuta ambazo hazikusikilizana hata kidogo. Kwa miaka mitano alizunguka na gari lake kijiji kwa kijiji akiomba. Watu waliogopa, na hawakuwa wajinga kuogopa. Kwenye mkutano mmoja bwana mwenye ng'ombe alisimama, kofia mkononi, akasema serikali inataka kuwapiga watoto wao chapa.

“Bwana,” Delfina alimwambia, “ng'ombe wako mmoja akipotea leo, utajua kabla ya chakula cha jioni?”

“Nitajua.”

“Mtoto wa mpalilia viazi akipotea leo, nani atajua?”

Yule bwana alikaa chini. Wilaya yake ilitia sahihi. Mfumo ulianza kazi Septemba 2003, na Delfina alileta keki ofisini, akaila mwenyewe nusu.

Sasa inabidi kusema jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe siku ya mazishi yake. Alisema wasifu usio na jambo hili usisomwe.

Walikuwapo wasichana wawili, watoto wa ndugu wawili, wote wakiitwa Eusebia Saldívar, kwa sababu ukoo ule kila mtoto wa kiume humpa binti yake wa kwanza jina la bibi. Wote walizaliwa safarini. Wote wawili makarani waliwaandikia tarehe moja Januari 1990. Na kanuni aliyoitunga Delfina kwa ajili ya ile kompyuta ilisema jina likiwa moja na tarehe ikiwa moja, basi mtoto ni mmoja. Ikawaunganisha. Hakuna aliyejua.

Oktoba 2004 Eusebia mmoja alifariki kwa ajali ya gari, familia ikitoka kwenye mavuno. Alikuwa na miaka kumi na minne. Agosti 2005 yule mwingine, aliye hai, aliandikishwa shule mpya, na mfumo ukapeleka barua kwenye anwani ya nyumbani kwa yule aliyekufa. Barua ilisema tunamkaribisha binti yako darasa la kumi, ameanza Jumatatu, tafadhali leta kadi ya chanjo.

Mama wa yule aliyekufa, Refugio Saldívar, alipiga namba iliyokuwa chini ya barua. Simu ilipokelewa na Delfina.

“Mmeniandikia kwamba mtoto wangu ameanza shule,” alisema kwa sauti ya chini. “Naomba mnielekeze ni shule gani.”

Delfina aliuliza jina, akatazama, akaelewa. Alimwambia Mama Refugio kwamba atakuja mwenyewe. Wendell akamwambia ni maili mia nne, amweleze tu kwa simu.

“Kosa hili si la simu,” alisema.

Aliendesha usiku kucha, yeye ambaye macho yake yalikuwa hayapendi taa za magari. Mama Refugio alimkaribisha jikoni, akamwekea kahawa. Delfina alimweleza yote, kwamba kanuni ilikuwa yake, kwamba hakuna wa kumlaumu ila yeye, na kwamba katika watu wote wa ofisi ile ni yeye peke yake aliyepaswa kujua habari ya tarehe moja Januari, maana kaka yake mwenyewe alipewa tarehe hiyo mara tano.

Mama Refugio alisikiliza hadi mwisho. “Kwa hiyo hakuanza,” alisema.

“Hakuanza, mama.”

Halafu yule mama akauliza, “Na hiyo mashine yenu ina nini kingine cha mtoto wangu?”

Delfina alikuwa ameyachapa yote, baada ya kumtenganisha na binamu yake kwa mkono. Shule saba katika jimbo hili. Siku aliyoingia, siku aliyotoka, siku alizohudhuria. Mama Refugio alipitisha kidole mstari kwa mstari, akafika masika ya mwisho.

“Hapa kwenye hesabu imeandikwaje?”

“Tisini na mbili.”

“Alituambia amefeli.”

“Hakufeli, mama. Hapa chini mwalimu wake ameandika akipendekeza abaki shule hii hii mwaka mzima.”

“Dada yangu alikuwa tayari kukaa naye,” Mama Refugio alisema. “Tulikubaliana, akifaulu atabaki, akifeli atakuja nasi.” Aliikunja ile karatasi, akaikunjua tena. “Alidanganya ili aje nasi.”

Delfina alisema baadaye kwamba alitamani barua ile na karatasi hii vyote visingekuwapo duniani. Aliondoka bila kuomba msamaha. Alikuwa amekwenda kwa ajili hiyo, lakini alipofika mlangoni aliona kwamba kumwomba mama yule amsamehe ni kumtwisha mzigo mwingine.

Oktoba hiyo, kwenye mkutano wa wasimamizi wa wilaya huko Kearney, wenzake walimshauri aseme mashine ilikosea. Alipanda jukwaani akasema, “Mashine ilifanya nilichoiambia ifanye.” Akaeleza kosa lote, bila majina, kwa ruhusa ya mama mwenyewe.

Msimamizi mmoja wa kule vilimani alimuuliza, “Mama Kucera, unatuambia haya ili tubaki au tuondoke?”

“Nawaambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kubaki au kuondoka mtaamua wenyewe.”

Wilaya kumi na moja ziliondoka kipupwe kile. Delfina aliivunja ile kanuni, akaajiri watu watatu ambao kazi yao ilikuwa moja tu, kupiga simu. Watoto wawili wakifanana kwenye karatasi, mtu mwenye masikio awaulize wazazi wao kabla mashine haijagusa kitu. Na kila Januari shule zikifunguliwa, yeye mwenyewe alichukua orodha ya watoto wote wa tarehe moja Januari, akapiga simu shule moja baada ya nyingine kuuliza siku zao za kweli. Wilaya zilirudi, ya mwisho mwaka 2010. Wendell akatutoka mwaka 2011, na mwaka uliofuata Delfina akastaafu. Watu walimpa sifa nyingi na vibao vya kutundika ukutani. Hakutundika hata kimoja. Kaka yake alipomuuliza kwa nini, alisema yupo mtu mmoja ambaye yeye Delfina hajui anamfikiriaje, na huyo akinyamaza, vibao vyote vimenyamaza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016. Mara tatu kwa wiki alikuwa akisafishwa damu hospitalini Lincoln, akivumilia, akiuliza wauguzi habari za watoto wao na shule zao. Kila muuguzi mpya alimuuliza tarehe ya kuzaliwa, naye alikuwa akijibu, “Kama umechoka, binti yangu, andika tu tarehe moja Januari.” Hawakuelewa, wakacheka kwa adabu. Machi mwaka huu aliomba matibabu yasimamishwe, na watoto wake wakakubali kwa machozi.

Jumapili tarehe 7 Aprili Mama Refugio alikuja Lincoln, hakuna aliyemwita. Alikuwa amepanda mabasi mawili. Kaka yake Delfina alitaka kutoka nje, wakamwambia akae. Delfina alikuwa ameishiwa nguvu, maneno yakitoka moja moja.

“Refugio. Sikuwahi kukuomba unisamehe.”

“Ungeniomba ningekukatalia,” Mama Refugio alisema, akimshika mkono. “Miaka ya kwanza ningekukatalia. Barua yako ilifika Jumatano. Nilikupigia simu Ijumaa, kwa sababu siku mbili sikutaka kumwambia mtu. Nilikuwa napika, najiambia yuko shuleni, atarudi saa tisa. Nilijua si kweli. Lakini nilipika.” Kisha akasema, “Mtu mwingine angeniandikia barua ya pole akamaliza. Wewe ulikuja ukakaa jikoni kwangu. Lala, mama. Mimi nimeshakusamehe, tena zamani.”

Delfina alifariki Alhamisi tarehe 11 Aprili 2019, saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto wawili, Ludmila wa Omaha na Tomás wa Grand Island, wajukuu watano, kaka mmoja, Eleuterio, binamu wengi, Chuy akiwa miongoni mwao, na Mama Refugio Saldívar wa Bayard, ambaye aliomba jina lake liandikwe hapa pamoja na wafiwa, na familia imekubali.

Mungu akupokee, Delfina, ukiwa na jina lako lote na siku yako ya kweli. Hapa ulipo sasa hakuna atakayekuhamisha.