Dengu za Chini ya Sufuria

Pale Kumbakonam, mji wa kusini mwa India, kwenye kona ambako mtaa wa wafua shaba unakutana na ukuta wa bwawa la hekalu, kuna benchi la mbao mbele ya kibanda cha kahawa cha Chellappa, na kila asubuhi hukaliwa na wanaume walewale. Govindan anaitwa Shaba, kwa sababu amegonga vyungu vya shaba tangu hajaota ndevu. Huongea kwa kupayuka, maana nyundo zimemla masikio. Natesan, fundi cherehani, ni Daktari Simu: utaje ugonjwa wowote, yeye ameshaona video yake. Na yule mrefu anayekaa mwishoni, Muthaiah, ni Kondakta, ingawa alishastaafu na basi lake sasa lina mwingine. Zamani Kondakta ndiye aliyekuwa akiwavunja mbavu wenzake. Lakini tangu mkewe Alamelu alazwe kwa homa ya matumbo na kurudishwa nyumbani akiwa mifupa mitupu, alikuwa akija, anaigida kahawa yake, anaondoka zake. Asubuhi ile hakuondoka.

— Jana daktari alipita nyumbani, alisema, macho yamezama kwenye kikombe. Anasema mwili wa Alamelu haujengeki. Akimkuta hivi hivi siku nyingine, anamrudisha hospitali akatundikiwe dripu.

— Kwani hali chakula? Shaba aliuliza.

— Rasamu tu. Wali ukifika mbele yake anageuza uso. Maziwa anatapika. Kinachokaa tumboni ni ile supu ya dengu, ukwaju na pilipili manga. Natia na majani ya mlonge wa pale uani.

— Natia? Nani anatia?

— Mimi.

— Wewe, Kondakta? Unapika?

— Napika, ndiyo. Mwanzoni nilikuwa naunguza hadi majirani wanafunga madirisha. Siku hizi inatoka kama yake, rangi yake, harufu yake. Sasa nawauliza ninyi mnaojua kila kitu chini ya jua: ile supu ina nguvu, au namnywesha mwenzangu maji ya rangi?

Hakuna kitu kinachokifurahisha kijiwe kama kuulizwa. Daktari Simu alijiweka sawa, akatoa miwani.

— Sikiliza, kaka. Bakuli moja la supu ya dengu ni sawa na mayai saba. Nimeona kwa macho yangu.

— Umeona wapi?

— Kwenye simu. Jamaa amevaa koti jeupe kabisa.

— Hata kinyozi wangu ana koti jeupe! Shaba alipayuka. Achana na mayai. Kondakta, unapikia nini?

— Sufuria.

— Sufuria ya nini?

— Ya alumini, ya kawaida tu.

— Basi! Shaba alijipiga paja. Hapo ndipo mgonjwa anapoibiwa. Nguvu ya supu haiko kwenye dengu, iko kwenye chombo! Mama yangu alipikia chungu nilichokigonga mwenyewe, kikapakwa bati ndani, na alikufa mzee akiwa na meno yake yote.

— Si alikuwa na meno ya bandia? Chellappa aliuliza kutoka ndani.

— Yake! Aliyanunua mwenyewe.

Chellappa alikuwa akimimina kahawa ya maziwa kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, mkono mmoja juu, mwingine chini, povu likipanda. Alikuwa na subira ya mtu anayejua kwamba wateja hawana pa kwenda.

— Nyote mmepotea, alisema. Chakula ni harufu. Babu yangu alikuwa na chumba nyuma ya jiko la hekalu. Hakuwa akila kitu cha maana, ila asubuhi na jioni alivuta ile harufu ya mvuje na majani ya mchuzi. Alikuwa na kitambi!

— Kitambi cha harufu?

— Naapa kwa mkono wangu huu! Shati halikufungika.

— Anasema kweli, Daktari Simu aliingilia, maana hakupenda kupitwa. Protini ni nyepesi. Inapanda na mvuke. Kondakta, wewe ukifunua sufuria, protini yote inaenda darini. Mijusi wako wamenenepa?

Kondakta alifikiri kidogo.

— Kuna mmoja mkubwa.

— Umeona?

— Sasa nifanyeje?

— Mfunike mgonjwa shuka pamoja na sufuria.

— Utamuua, wewe! Shaba alisema. Dawa yenyewe ni mlonge. Ongeza majani mpaka kijiko kisimame. Mlonge ni chuma kitupu. Ndovu wa hekalu anakula nini? Majani. Umewahi kumwona ndovu na dripu?

— Na wewe umewahi kumwona ndovu na ukwaju? Daktari Simu alidakia. Ukwaju unayeyusha mifupa, kaka. Weka sarafu kwenye ukwaju uone inavyong'aa.

— Kung'aa ndiyo kuyeyuka?

— Mwanzo wake!

Walipandishana hivyo mpaka wapita njia wakaanza kusimama. Siku nyingine Kondakta angekuwa wa kwanza kuchochea moto. Sasa alisikiliza kila neno kama mtu anayetafuta namba ya basi gizani. Chungu cha shaba angeweza kukipata. Mlonge ulikuwepo tele. Hata shuka alilifikiria, na alipojikuta analifikiria aliona haya, akafunika uso kwa kiganja.

— Jamani, alisema taratibu. Jana nilimbeba kwenda kuoga. Nilimwinua kama mtu anayeinua nguo za kufua.

Shaba alikohoa, akaangalia viganja vyake. Daktari Simu akaizima simu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Ndipo akafika mwanamke aliyekuwa amehamia juzijuzi kwenye nyumba ya kupanga iliyotazamana na bwawa. Jina lake Kuyili. Alikuja na chupa ya chai ili ajaziwe kahawa ya watu wa kwake, na kwa jinsi Shaba anavyopayuka, alikuwa ameshasikia habari yote tangu upande wa pili wa barabara. Alimpa Chellappa chupa, akamgeukia Kondakta.

— Samahani, mjomba. Naomba niulize.

— Uliza, mwanangu.

— Supu ikitulia, dengu na majani si yanazama?

— Yanazama.

— Mgonjwa unamchotea ya juu au ya chini?

— Ya juu. Ile nyepesi, iliyo safi. Ndivyo anavyokula yeye, miaka yote.

— Sawa. Na zile dengu zinazobaki chini, huwa anakula nani?

Lilikuwa swali dogo, halina hata kona. Shaba alijifanya hakusikia, lakini masikio yalikuwa mekundu. Chellappa aliendelea kumimina kahawa kwenye chupa mpaka ikafurika ikamchoma vidole, maana naye alikuwa na mke, na sufuria, na chini ya sufuria.

Kondakta alijiona. Jioni, mgonjwa amekwisha kunywa maji yake ya juu, yeye ameketi sakafuni jikoni, anamimina uji mzito wa dengu juu ya wali wake, anaukomba kwa vidole, anashiba. Alikuwa amekula hivyo tangu walipooana. Hakuwahi kuomba, wala kuuliza. Aliwekewa, akala.

— Mimi, alisema.

— Basi nilitaka kujua tu, Kuyili alisema kwa upole. Kwetu tulikuwa tunazigombania.

Akapokea chupa yake akaondoka. Kondakta naye aliinuka, kahawa yake ikiwa nusu, akavuka barabara bila kuangalia magari, yeye aliyetumia maisha yake kuwafokea abiria wasioangalia.

Nyumbani alizichemsha dengu mpaka zikalainika kabisa, akazikoroga kwa mwiko, akazisaga, akakatakata mlonge mdogomdogo. Alichota kutoka chini. Alamelu aliangalia bakuli, akaangalia mumewe.

— Leo mbona nzito?

— Nimekoroga.

— Za chini ni zako.

— Nani alisema?

Alamelu hakuwa na sauti ya kubishana, lakini macho yalikuwa yanatafuta jibu la kweli.

— Mama yako, alisema mwishowe. Nilipoletwa hapa bi harusi. Alisema mwanaume anashinda amesimama kwenye basi.

— Nilistaafu.

Ilimtoka kama utani, na Alamelu akacheka, kicheko chembamba kisichozidi pumzi. Kondakta alikaa sakafuni kando ya mkeka. Alitaka kusema kwamba hakujua, kisha akaona neno hilo halimfai. Angeweza kujua. Sufuria ilikuwa pale pale.

— Kula, Alamelu. Tafadhali.

Alikula kidogo. Jioni akala kidogo tena. Siku zilizofuata Kondakta alianza kumwekea na wali uliopondwa, kijiko kimoja, kisha viwili, na tumbo likakubali. Daktari aliporudi alimkuta ameketi mlangoni, mgongo umeegemea mhimili, anachambua majani ya mlonge mwenyewe. Alimpima, akamtazama ulimi na macho.

— Mnampa nini?

— Supu ileile, Kondakta alijibu. Ila sasa na dengu zake.

— Ndizo zinazojenga mwili. Maji peke yake yanamfungulia mtu hamu ya kula tu. Endeleeni, na msichuje.

Habari ya dripu haikutajwa tena.

Kijiweni hakuna aliyekubali kushindwa. Shaba alidai ni kwa sababu Kondakta alikuwa amepokea chungu chake kidogo cha shaba, zawadi. Daktari Simu alidai mijusi wamekonda. Lakini Chellappa alisema mkewe amemuuliza kama anaumwa, maana siku hizi Chellappa ndiye anayechota, na bakuli la kwanza, lenye dengu za chini, anampa mke. Shaba hakusema lolote juu ya nyumba yake, ila aligonga nyundo kwa furaha ya ajabu wiki ile.

Asubuhi moja Kondakta alikuwa katikati ya kisa cha abiria aliyepanda na mbuzi, wenzake wameshika mbavu, sauti ikasikika kutoka ng'ambo ya barabara. Ilikuwa kavu na kali, sauti ambayo mtaa haukuwa umeisikia tangu kabla ya homa.

— We mzee! Umeacha dengu motoni, zinaungua!

Vicheko vikakatika. Shaba, yeye asiyesikia vizuri, alikuwa wa kwanza kugeuka. Mlangoni kwake Kondakta alisimama Alamelu, mkono kiunoni, mwiko mkononi, amesimama kwa miguu yake.

— Kondakta, unaitwa, Chellappa alinong'ona.

— Nimesikia.

— Si uende basi, zinaungua!

— Ngoja kidogo, Kondakta alisema, machozi yakimtiririka wazi mbele ya wenzake. Ngoja aite tena.

Na Alamelu akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi.