Ubeti wa Ukumbini

Ndugu waombolezaji, mnaombwa mkae, na walio juani wasogee chini ya turubai, msomewe maisha ya marehemu, mwimbaji wa bendi ya kiwanda cha nguo, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Taratibu, kwa sababu kila ukumbi alioingia aliwaomba wachezaji wacheze taratibu wasije wakayakanyaga maneno. Anayesoma ni shemeji yake, kaka wa mjane, na akisoma polepole mtamvumilia, sababu ataisema kabla hajakaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, na tarehe 2 Februari 1970 akaajiriwa kiwandani, chumba cha kusokota nyuzi, ambako alikuza sauti kwa kushindana na mashine, hadi bendi ya kiwanda ilipomchukua mwaka 1973. Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto, wa kufunga mlango kisha kurudi mara tatu kuutikisa, na shemeji yake alimtania kwamba hata akiimba mapenzi, jicho moja liko kwenye mlango wa kutokea.

Tarehe 14 Oktoba 1978 alifunga ndoa na dada wa msomaji huyu, wakajaliwa watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, na wajukuu saba.

Mwezi Septemba 1985 jirani yao, fundi cherehani, alimkimbiza mwanawe hospitali akiwa na homa kali, akaambiwa dawa zimekwisha, akazipata duka la jirani zikiwa na mhuri wa hospitali hiyo hiyo, na aliporudi nazo mtoto alikuwa ameshaaga dunia. Marehemu hakula vizuri wiki nzima, kisha akatunga wimbo. Enzi zile maneno ya wimbo yalikaguliwa kwanza na kamati ya redio, kwa hiyo kamati ilipelekewa ubeti wa kuwasihi wazazi wawahi hospitali, na ukumbini, mahali pale pale pa wimbo, ukaimbwa ubeti mwingine, wa kumuuliza mtunza stoo wa hospitali kwa nini dawa zinatokea mlango wa nyuma. Mtunza stoo alikuwa ni huyu anayesoma, ambaye hakuwa mtu wa kumbi, na marehemu aliamini maneno yale yataishia ukumbini.

Tarehe 22 Machi 1986 bendi iliingia studio, wote wakarekodi kwa mkupuo mmoja kama ilivyokuwa desturi, na mdomo uliozoea miezi mitano ya ukumbi ukatoa ubeti wa ukumbini, bila mwimbaji mwenyewe kujua wala fundi mitambo kushtuka. Walikuja kuusikia redioni Jumapili iliyofuata baada ya chakula cha mchana, familia nzima sebuleni, shemeji akiwa kwenye kochi, na marehemu akasimama, akakaa, akasimama tena.

Wakaguzi walifika hospitalini wiki ile ile, ushahidi haukupatikana, shemeji akaachishwa kazi huku akiapa kwamba hana hatia, na dada yake akauhamishia mto wa mumewe sebuleni kwa miezi miwili. Marehemu alikiamini kiapo kile. Alimchukua shemeji akaishi kwake, akamwombea kazi ya kufunga spika za bendi, na ubeti ule hakuuimba tena hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1996, na kila mwaka, akiwa na hofu ya mtu aliyemponza ndugu, alimuuliza kama alimwonea, naye shemeji alibadilisha mazungumzo.

Mwaka 2019 alianza kuugua figo, akalazwa mara tano, na asubuhi ya tarehe 6 Agosti 2021, katika wodi ya wanaume, alimshika shemeji yake mkono, akauliza kwa mara ya mwisho.

"Shemeji, niambie kweli, nilikuonea?"

Shemeji alimjibu apumzike kwanza, akipona wataongea, na saa tano marehemu akakata roho.

Hukumwonea, Taratibu. Dawa zile alizitoa yeye, kwa mlango wa nyuma, kwa mikono hii, akakuacha uteseke miaka thelathini na mitano kwa kosa lisilo lako, ukimlisha. Dada yake anayasikia haya leo pamoja nanyi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wanabendi waliobeba jeneza, wafanyakazi wa zamani wa kiwanda, na majirani wote, akiwemo fundi cherehani, ambaye tangu juzi anawapikia wafiwa. Kwake msomaji huyu hana haki ya kutoa shukrani, anamwomba radhi mbele yenu, na akimnyima atakuwa hajakosea.

Taratibu, shemeji yangu, ubeti wako ulikuwa wa kweli, usiulize tena, pumzika.