Maksai Aliyeitwa Amosi: Maisha ya Filipo Kiula Msengi, 1951–2025

Kwanza niseme, kazi hii si yangu. Watoto wa marehemu wamesoma, mmoja ni mwalimu, halafu kalamu wananiletea mimi Rebeka, niliyeacha shule darasa la pili. "Shangazi, wewe ndiye unayejua miaka." Miaka naijua. Kuandika ndiyo shughuli. Basi nimeandika. Binti yake Esta amenyoosha herufi tu, maneno nimemkataza asiguse.

Marehemu mdogo wangu Filipo alizaliwa tarehe 4 Novemba 1951, hapa hapa kijijini kwetu nyuma ya Iguguno. Mama alikuwa ametoka kupanda uwele, mikono bado ina udongo. Alikuwa mtoto wa nne, na wa mwisho kunyamaza usiku.

Alianza shule ya misheni mwaka 1960, akaishia darasa la nne. Alikuwa hawezi kusoma bila kuimba. Siku moja mwalimu alimsimamisha asome, akaimba ukurasa mzima, na darasa zima likamwitikia.

"Filipo, hiki ni kitabu au ngoma?"

"Mwalimu, kimekaa hivi hivi."

Alichapwa. Kesho yake alisoma vile vile.

Kazi yake ilikuwa kulima, alizeti na uwele, na kupiga zeze alilofundishwa na mjomba wetu. Watu wa mjini walimwita msanii, akawa anaangalia nyuma kuona wanamwita nani. Nyimbo alizitungia shambani, nyuma ya plau. Alisema akikaa kwenye kiti wimbo unakuja umevaa viatu. Na kila wimbo wake ulikuwa na jina la mtu, maana kwetu wimbo usio na jina hauna kwao.

Mwaka 1976, tarehe 21 Agosti, alifunga ndoa na Selina wa Kiomboi. Selina alipoulizwa na shangazi zake kwa nini amekubali mtu wa zeze, alijibu, "Ningemkataa ningeimbwa." Wamekaa pamoja mpaka juzi, na mjue Selina naye aliimbwa tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watoto walitaka nilipite juu juu. Silipiti.

Mwaka 1989 Filipo alinunua maksai kwa jirani yetu, Amosi Gyunda, tuliyepakana naye mashamba. Mnajua desturi yetu, ng'ombe anaitwa jina la nyumba alikotoka. Kwa hiyo yule maksai akaitwa Amosi. Ni heshima, hakuna ubaya. Lakini maksai mwenyewe alikuwa mvivu, akifika katikati ya mstari analala na nira shingoni. Filipo akamwimbia kwa Kinyiramba. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

Amosi wee, umeshiba umelala,
mvua imefika, Amosi amka.

Ulikuwa wa ng'ombe. Mimi nilikuwepo, nashika kamba mbele. Lakini wimbo haukubaki shambani. Ulikwenda kwenye harusi, ukaenda mnadani, ukafika Singida mjini. Huko nani anajua habari ya maksai? Wakasema ni Amosi Gyunda, anakula halafu analala. Watoto wakawa wanamfuata njiani wakilia mooo.

Amosi alikuja hapa uwanjani, hakukubali hata kigoda. Alisema, "Filipo, nilikuuzia ng'ombe. Sikukuuzia jina."

Filipo, kwa kiburi cha ukoo wetu, akajibu, "Jina lilikuja na ng'ombe."

Basi. Salamu ikafa hapo. Kanisani mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto. Mama yake Amosi alipofariki, Filipo alisimama nje ya ua na zeze lake hajalipiga, akarudi nalo.

Alijaribu kuurudisha wimbo. Alikwenda Iguguno kwenye klabu ya pombe kuwaomba vijana waache. Wakamwuliza, "Mzee, sasa tuimbe nani?" Akasema, "Niimbeni mimi." Wakacheka, wakadhani ametunga mwingine.

Hapo ndipo alipobadilika, na hili ndilo alilowafundisha wote waliokuja kujifunza kwake. Akitunga wimbo wenye jina la mtu, hakuuimba popote mpaka ameupeleka nyumbani kwa mwenye jina, jioni, na kumwimbia mbele ya mkewe. Mwenye jina akisema toa hapa, alitoa. Akisema usiimbe kabisa, aliuacha pale pale mlangoni. Wanafunzi walilalamika kwamba nyimbo nzuri zinapotea. Aliwaambia, "Nzuri kwa nani? Wewe unaimba unaenda kulala. Yeye anaamka nao."

Ugonjwa ulianza mwaka 2023 kwa sauti kukwaruza. Tulidhani vumbi la alizeti. Hospitali ya Kiomboi wakaona uvimbe kooni, wakatupeleka Dodoma, tukarudi na dawa za maumivu. Mwezi wa kwanza mwaka huu sauti ilikatika kabisa. Alikuwa halali. Macho yanaangalia mlango tu. Mchungaji aliomba, Filipo hakulala. Mimi nilijua anamsubiri nani.

Nikaenda kwa Amosi. Sikumbembeleza. Nilimwambia, "Mtu wako hawezi kuimba tena. Kama una la kusema njoo useme, hatakujibu."

Akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni. Kisha akaimba, kwa sauti yake mbaya ile:

Filipo wee, umeshiba umelala,
mvua imefika, Filipo amka.

Filipo alicheka. Hakukuwa na sauti, mabega tu yalitikisika na machozi yakatoka. Akampa mkono. Amosi akaketi, akasema, "Yule ng'ombe alikuwa mvivu tangu kwangu. Ndiyo maana nilimuuza."

Usiku ule ndugu yangu alilala. Alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025 aliondoka, uso wake umelegea kama mtu aliyetua mzigo. Mnaniona silii sana mnashangaa. Nililia ile miaka yote. Leo napumua.

Ameacha mjane Selina, watoto Joshua, Esta na Christopher, wajukuu tisa, na mimi dada yake. Ameacha na Amosi Gyunda. Joshua alilifuta jina hilo kwenye orodha ya wafiwa akasema si ndugu. Nimelirudisha kwa mkono wangu.

Filipo, lala sasa, Mungu akutunze. Shamba tutalima.

Na nyinyi mliokuwa mnalia mooo njiani, sasa mna ndevu na mna wajukuu, nawajua mmoja mmoja. Amosi amekaa benchi la wafiwa, pembeni yangu. Tukitoka kaburini kila mtu apite ampe mkono na pole, kama mnavyotupa sisi, na shikamoo juu. Akina mama wa jikoni nimeshawaambia. Atakayemruka Amosi, wali wangu asipakuliwe.