Gari la Kuvuta Chumba

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la vifaa vya umeme lililofungwa, pale barabara ya lami inapokata kona kwenda stendi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Mimi hukaa mwisho kabisa, sanduku langu la kushonea viatu likiwa miguuni, wananiita Soli. Kando yangu hukaa Breki, aliyeendesha malori ya mizigo mpaka magoti yakamgomea. Halafu Profesa, karani mstaafu wa idara ya maji, ambaye hajawahi kushika usukani wa kitu chochote, lakini hakuna gari asilolijua ubaya wake. Mbele yetu, juu ya kigoda, Mama Kahawa na birika lake. Wa mwisho ni Tabasamu, mpiga picha. Jina hilo alilipata studioni, kwa sababu ndilo neno lililomtoka mdomoni kuliko yote: "Tabasamu! Bado. Tabasamu!" Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, studio imepigwa kufuli, na yeye ndiye huwa wa kwanza kufika benchini na wa mwisho kuondoka.

Asubuhi hiyo alichelewa. Na alipofika hakukaa.

— Nimenunua tela, akasema.

— La mchanga? Breki akauliza.

— La kulala. Lile la kampuni ya barabara, alilokuwa analala msimamizi wao. Lina kitanda, meza ya kukunja, jiko na dirisha lenye pazia.

— Pazia rangi gani? Mama Kahawa akauliza.

— Mama, tafadhali, Profesa akasema. Hapa tunaongea ufundi.

— Sasa nataka gari la kulivuta. Nishaurini.

Kumwomba Profesa ushauri ni kama kufungua bomba halafu koki ikubakie mkononi. Lakini Breki ndiye aliyewahi.

— Si unacho kigari chako?

— Ndicho nilichokifikiria.

— Kile? Breki akaweka kikombe chini. Kile kikipanda tuta la barabarani tu tunakisikia kinahema! Tela lako lina uzito gani?

— Sijui.

— Basi bado hujaanza kununua gari. Kapime kwanza. Tena likiwa na vyote ndani: maji, gesi, godoro, masufuria. Gari liwe zito kuliko tela, ndugu yangu. La sivyo, ukifika mteremkoni hutajua nani anamvuta nani.

— Uzito si hoja, Profesa akasema. Hoja ni upepo. Tela lina uso mpana kama ukuta. Ningekuwa yeye, ningelitoboa matundu mbele na nyuma, upepo ukapita.

— Na yeye alale kwenye chujio?

— Basi achukue magari mawili. Moja livute mbele, jingine lisukume nyuma.

— Dereva wa nyuma ataona nini?

— Ataona tela. Kwani anataka kuona nini zaidi?

Mama Kahawa alicheka mpaka kahawa ikamwagikia makaa. Profesa hakujali.

— Au bora zaidi: aing'oe injini ya kigari chake, aifunge kwenye tela. Liende lenyewe, bila kuvutwa na mtu.

— Profesa, hilo ni basi.

— Basi anunue basi!

— Unakwenda nalo wapi? Mama Kahawa akauliza.

Tulikuwa tumeshatoboa tela la watu na kuling'olea injini, na hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Tabasamu akakaa.

— Kwa binti yangu, akasema.

Habari za huko sote tulizijua nusunusu. Binti yake alipojifungua mtoto wa kwanza, mkewe alikwenda kumsaidia mpaka mtoto akaze shingo. Mtoto akakaza shingo, mama yake akarudi kazini, ikabidi bibi abaki. Akaja wa pili. Sasa yupo wa tatu. Kila simu ilikuwa na maneno yaleyale: "Huyu akianza tu kutembea, narudi." Na kila mmoja akianza kutembea, mwingine yuko njiani. Hakuna aliyegombana na mtu, hakuna aliyemwacha mwenzake. Miaka tu ilikuwa inapita, kule bibi na huku babu.

Mimi nilijua kidogo zaidi, kwa sababu Tabasamu alikuwa ananiletea viatu visivyohitaji kushonwa. Ananipa, anakaa, anatazama mikono yangu. Siku moja alileta ndala za ngozi za mkewe. Ngozi ilikuwa imekauka kwa kutovaliwa. "Zipake mafuta," aliniambia, "asije akazikuta zimepasuka." Nilizipaka. Baada ya miezi akazileta tena.

— Nilikwenda kule mara moja, akatuambia siku hiyo. Nyumba ina vyumba viwili. Binti na mumewe chumba kimoja, mama na wajukuu chumba cha pili. Mimi nikatandikiwa sebuleni, kwenye kochi. Mkwe wangu, mtu mwema sana, alfajiri anatoka kwenda kazini kabeba viatu mkononi asiniamshe. Watoto wanaambiwa shh, babu kalala. Babu mwenyewe yuko macho! Mke wangu tulikuwa tunaonana jikoni, tena tukipishana mlangoni. Siku ya tatu nikaaga. Nikasema kuna harusi naenda kupiga picha.

— Harusi ya nani? Profesa akauliza.

— Hakukuwa na harusi.

Breki alikohoa, akatazama barabarani.

— Sina wa kumlaumu, Tabasamu akasema. Nafasi hakuna. Ndiyo maana safari hii naenda na chumba changu.

Mtu akishakuwa na haraka ya moyo, hashauriki. Jumamosi alifunga tela kwenye kigari chake, akatuita mimi na Breki tulijaribu. Breki aliinama kutazama kiungio, akainuka amekasirika.

— Umefunga kwenye bampa? Bampa ni urembo, bwana! Litang'oka, libaki barabarani na tela lako. Kiungio kinashika chesisi, mifupa ya gari.

Tulikwenda gereji, kikahamishwa. Tukaanza safari, Breki mbele, mimi nyuma. Kwenye tambarare mambo yalikuwa mazuri hata Tabasamu akaanza kupiga mluzi. Kwenye mlima kigari kikalia, mshale wa joto ukapanda, malori yakatupita yakitupigia honi. Tukafika juu. Tukaanza kushuka.

Mwanzo nilidhani ni upepo. Kiti kilinisukuma kushoto, kikanirudisha kulia, kisha kushoto tena kwa nguvu zaidi. Nikageuka. Tela lilikuwa linacheza nyuma yetu, linakwenda huku na huku kama mkia wa mbwa, na kila likirudi linatuvuta nalo. Tabasamu akakanyaga breki. Likazidi.

— Achia breki! Breki akapiga kelele. Ondoa mguu kwenye mafuta! Shika usukani sawa, usishindane nalo! Liache lichoke!

Sijui lilichoka baada ya muda gani. Nakumbuka uzio wa pembeni ukija, ukienda, ukija. Hatimaye kigari kikapunguza mwendo, tela likajinyoosha, tukasimama kando. Hakuna aliyeshuka. Tabasamu alikuwa ameushika usukani kama bado tunakwenda.

— Ningewaua, akasema.

— Hukutuua, Breki akajibu kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. Shuka, tuone umepakia nini.

Alifungua mlango wa tela. Pipa la maji lilikuwa nyuma kabisa, na kando yake masanduku mawili mazito.

— Mzigo wote umeuweka mkiani. Ndiyo maana linacheza. Vizito viwe chini, sakafuni, juu ya matairi, na mbele kidogo. Na haya masanduku ni nini?

— Picha.

— Picha za nini?

— Za ukutani. Za mimi na mke wangu. Chumba kisicho na picha ni stoo.

Breki aliyabeba mwenyewe, moja moja, akayapanga katikati.

Tulirudi kwa mwendo wa jeneza. Wiki iliyofuata Tabasamu alibadilishana kigari chake na gari la daktari wa mifugo, chuma cha zamani cha dizeli, refu, zito, linalozungusha matairi yote manne. Lilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Fundi akalifungia kiungio kwenye chesisi, akaunganisha taa za tela na za gari, akalipachika vioo vya pembeni vyenye mikono mirefu, kwa sababu vile vya kawaida vilikuwa vinaonyesha tela tu, barabara huioni.

Kilichobaki kilikuwa kurudi nyuma. Jioni baada ya jioni tulikwenda kwenye uwanja wa mnada wa zamani. Ukiwa na tela, ukitaka mkia uende kushoto unakata usukani kulia, na Tabasamu, aliyezoea maisha yake yote kuwaambia watu "kushoto kidogo" na wakaenda kushoto, alichanganyikiwa kabisa. Gari na tela vilikunjana kama kisu. Profesa alisimama nyuma akitoa ishara kwa mikono yote miwili, kila mkono na maoni yake.

— Njoo! Simama! Njoo huku unasimama!

— Profesa, toka hapo kabla hujagongwa! Breki akafoka. Kisha akaingiza kichwa dirishani. Sikiliza. Shika usukani chini, hapa, kwa mkono mmoja. Mkono ukienda kushoto, tela litakwenda kushoto. Sahau mengine yote.

Likarudi nyuma limenyooka. Tabasamu alilirudisha tena, na tena, mpaka giza likaanza kuingia, na nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Asubuhi ya safari alisimama mbele ya benchi, injini ikinguruma. Mama Kahawa alimpa chupa ya kahawa. Breki alizunguka gari na tela, akapiga kila tairi teke.

— Mteremko wowote, weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Si katikati. Na kona uzikate pana, tela halifuati njia yako, linakata ndani.

— Nimekuelewa.

— Mama watoto anajua kuwa unakwenda? nikamuuliza.

— Nitamshtua, akasema. Lakini hakunitazama.

Aliondoka. Tulitazama dirisha lenye pazia mpaka kona ikalimeza. Pazia ni la kijani, Mama Kahawa akasema, na hakuna aliyemjibu.

Siku zilizofuata Profesa alijaribu kuanzisha mjadala wa ndege zinazovuta ndege, lakini haukwenda mbali. Breki alikuwa akitazama mawingu upande ule wa milima na kusema barabara za huko zikilowa huteleza. Msichana wa duka jipya la dawa ng'ambo ya barabara akaanza kuja kunywa kahawa yake wakati wa mapumziko, akakaa palipokuwa wazi. Alitukuta tukimzungumzia Tabasamu, akasimuliwa yote, kuanzia matundu ya upepo.

Alikuwepo siku Tabasamu alipopiga simu. Breki aliiweka kwa sauti ya juu, akaishika katikati yetu.

— Umefika?

— Nimefika salama.

— Ule mteremko mkubwa?

— Gia ya pili mpaka chini. Halikutikisika hata kidogo.

— Joto la injini?

— Mshale ulikaa katikati.

— Na kurudi nyuma?

— Geti la mkwe ni jembamba. Nimejaribu mpaka jasho likanitoka. Mwisho likaingia. Majirani wamenipigia makofi.

Breki alitutazama mmoja mmoja, kama mzazi aliyesomewa matokeo ya mwanawe.

— Shikamoo baba, msichana akasema karibu na simu. Mimi ni wa duka la dawa hapa. Na mama, alifurahi?

— Marahaba, mwanangu. Alilia kidogo. Halafu akaniuliza kama nimekula.

— Kwa hiyo sasa mnakaa kwenye tela?

— Mimi nakaa kwenye tela. Mama yuko ndani na wajukuu. Yule mdogo akizinduka asimwone, analia mpaka anatapika. Asubuhi mama ananiletea chai. Anabisha hodi kwanza.

— Anabisha hodi?

— Ndiyo. Mke wangu. Anabisha hodi, nami nasema karibu. Anakaa kidogo, tunatazama zile picha, halafu anaitwa.

Mama Kahawa alikuwa anammiminia Profesa. Akaacha.

— Sasa baba, msichana akasema, na hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake, hapo kuna tofauti gani na ulivyokuwa huku?

Breki alimkata jicho. Mimi niliokota kiatu nilichokwisha kukishona, nikaanza kukishona tena. Ndani ya simu tulisikia ndoo ikiwekwa chini na mtoto akiita babu, babu.

— Jana usiku nilikohoa, Tabasamu akasema. Taa ya chumbani kwa mama na wajukuu ikawaka. Ikabaki inawaka mpaka niliponyamaza.