Bwana Kopisi na Ukingo wa Kiongoroni

Assalamu alaykum masheikh, ndugu na majirani mliovuka maji kuja kumsindikiza mwenzetu.

Marehemu Twalibu Seleman Mbonde alizaliwa Mkongo tarehe 4 Machi 1939, mtoto wa pili wa Mzee Seleman Mbonde na Bi Rukaiya Fikirini, akahitimu darasa la nane Utete mwaka 1956. Huko shuleni alilipata neno moja la Kiingereza, coppice, yeye akilitamka kopisi, ambalo hata wenye lugha yao hawalitumii sana, nalo maana yake ni kukata mti karibu na ardhi ili kisiki kichipue na mti urudi bila kupandwa. Mwalimu alimweleza kwamba lilitoka Kifaransa cha kale, katika neno la kupiga na kukata, na kwamba husemwa kwa miti inayovunwa kwa zamu. Wanafunzi waliikata mijohoro ya shule kwa kuni, mvua zikanyesha, ikachipua, naye akaamini kuwa kila mti ndivyo ulivyo.

Mwaka 1957 aliajiriwa mlinzi wa misitu, akapangiwa Kiongoroni, akafikia kwa Mzee Kibwana Twalha, mkata boriti, ambaye ukingo wake wa mikoko uliyazuia maji ya chumvi yasiingie shamba lake la mpunga. Mzee alipouliza kama ukingo ule waweza kuvunwa wote, marehemu alimweleza neno lake, akamhakikishia kuwa visiki vitachipua, na mzee akaukata wote. Lakini mkoko si mchu, mti mwenzake wa topeni ambao huchipua; mkoko ukikatwa shina haurudi. Visiki vilioza, chumvi ikaingia, mpunga ukafa, na mwaka 1960 marehemu alipopeleka posa kwa Mwanamina, binti wa mzee huyo, washenga walirudi na jibu hili: "Mwambieni bwana misitu, visiki vyake vikichipua, na aje."

Hakuomba uhamisho. Maji yalipokupwa alishuka topeni kuchomeka mbegu za mkoko, nyingine zikachukuliwa na maji makuu ya bamvua, akarudia, huku wakataji wakimpigia kelele, "Bwana Kopisi, vimechipua?" Jina hilo alikwenda nalo hadi mwisho, na aliliitikia. Mwaka 1966, mikoko mipya ikiwa imeizuia chumvi, mzee alivuna mpunga tena katika shamba lile, akawaita washenga, akasema visiki vimekufa vilevile, ila aliyevikatisha hakukimbia. Ndoa ilifungwa Ijumaa, tarehe 12 Agosti 1966, wakajaaliwa Hafsa, Abdulatifu na Nasra.

Alistaafu mwaka 1994, na kila mkataji mgeni alimwonyesha kwanza mti upi unachipua na upi hauchipui, kabla hajamruhusu kushika shoka.

Bi Mwanamina alitangulia mwaka 2012. Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2021, miguu ikamwishia nguvu, akapelekwa Kibiti kwa boti na gari, na huko alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliombeba hadi botini, na watumishi wa misitu, wa zamani na wa sasa, ambao pia wametupa idhini ya kukata mti mmoja asubuhi hii. Aliagiza alazwe kando ya mkewe, nyuma ya ukingo ule, na kiunza, ubao wa kumfunika kaburini, kiwe cha mchu, mkoko usiguswe. Tumefanya hivyo, na kisiki tumekiacha.

Bwana Kopisi, lala salama, Mola akupokee.